Shajara ya Datsun 1600: kutoka gia nne hadi gia tano

13 Januari 2024: gari na sababu

Gari ni Datsun 1600 ya mwaka 1971, milango minne, mwili ule unaojulikana kwa namba 510, injini L16 ya sentimita za ujazo 1,595. Ilikuwa ya ami yangu. Aliinunua ikiwa na miaka sita na akaiendesha mpaka macho yakamkatalia. Sasa iko kwangu, hapa Mombasa, na ina giaboksi yake ya awali ya gia nne.

Mjini gia nne zinatosha. Shida inaanza ukishapita Mariakani na kushika njia ya Voi. Ukifika kilomita 100 kwa saa, aliyekaa nyuma hamsikii aliyekaa mbele. Nimepiga hesabu: tairi zangu za 165R13 hutembea mita 1.8 hivi kwa mzunguko mmoja, difu (gia za mwisho kati ya magurudumu ya nyuma) ni 3.9 kwa 1, na gia ya nne ni moja kwa moja, haibadilishi mwendo wa injini. Kwa hiyo mwendo wa 100 ni mizunguko kama 3,600 ya injini kila dakika, na Nairobi iko karibu kilomita 480.

Dawa yake ni gia ya tano ya ovadraivu, yaani gia ambayo propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu) inazunguka haraka kuliko injini. Nissan ilitengeneza giaboksi ya gia tano iitwayo FS5W71B, kwa kifupi 71B, ikaiweka kwenye pick-up za 720 na magari mengine kadhaa. Injini za Nissan za familia ya L, kama L16 yangu, na zile za Z zilizokuja baadaye zina mpangilio uleule wa bolti upande wa giaboksi. Ndiyo maana 71B ya pick-up ya petroli inafunga kwenye L16 bila adapta yoyote.

Naandika kila hatua na kila shilingi kwa sababu najua bado kuna Datsun za aina hii zimelala kwenye nyua za watu. Datsun 1600 SSS iliyoshinda mashindano ya magari ya East African Safari ya 1970, mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller, ilikuwa ya mwili huuhuu. Gari kama hili kuozea chini ya mwembe ni jambo linaloniuma.

Bajeti niliyojiwekea: shilingi 50,000. Giaboksi ya zamani nitaipaka oili, niifunge kwa nailoni na kuihifadhi.

20 Januari: giaboksi ya kwanza

Nilinunua kwa simu kutoka kwa muuzaji wa vipuri wa Nairobi. Nilimwambia nataka ya pick-up 720, gia tano, petroli. Picha ilionyesha giaboksi nzuri, safi. Ikaja kwa basi, nauli 1,500.

Kuiweka tu sakafuni kando ya ile ya zamani, tumbo likanikata. Sehemu pana ya mbele inayofunika klachi (hapa nitaiita kengele) ilikuwa na umbo lingine kabisa. Ilikuwa ya pick-up ya dizeli. Nyuma zinafanana, mbele hazina undugu. Muuzaji alikubali kuipokea, akakata 4,000 za usumbufu, na nauli ya kuirudisha ikawa 1,500 nyingine. Jumla 7,000 zimekwenda na sijafunga hata nati moja.

Nilichopaswa kufanya tangu mwanzo ni hiki, nawe ukifanye kabla ya kutoa pesa: chukua boksi la katoni, likandamize kwenye uso wa kengele ya giaboksi yako, ligongegonge taratibu kwa nyundo ndogo mpaka kingo na matundu yote yajichore. Likate. Katoni hilo ndilo uende nalo dukani. Usiende na jina la gari.

3 Februari: giaboksi ya pili

Safari hii nilipanda basi mwenyewe na katoni langu kwapani. Kirinyaga Road, Nairobi, duka la tatu, katoni likakaa juu ya kengele kama kifuniko na sufuria yake. Bei 32,000. Nilisisitiza nipewe pia mkono wa gia na propela ya pick-up yenyewe, na sababu utaiona mbele. Nauli ya mzigo 1,500.

Kabla ya kulipa nilifanya mambo mawili palepale. Kwanza, nilifungua nati ya kumwagia oili. Ina sumaku, na kilichoganda juu yake kilikuwa uji mweusi laini bila vipande. Uji ni wa kawaida kwa umri huo. Kipande chenye kona ni jino. Pili, nilichora alama ya chaki kwenye shafti ya mbele na nyingine kwenye ya nyuma, nikaingiza gia ya tano na kuzungusha kwa mkono. Nyuma ilipotimiza mizunguko kumi, mbele ilikuwa imetimiza minane na kama thumuni moja ya mzunguko. Hiyo ni 0.81 hivi. Kwenye 100 kwa saa, mizunguko 3,600 itashuka hadi kama 2,900.

Kwenye gia ya kwanza mbele ilizunguka mara tatu na nusu na zaidi kidogo ili nyuma izunguke mara moja. Ni gia nzito kuliko ya kwanza ya gari langu, kwa sababu pick-up ilijengwa kubeba mizigo. Niliikubali nikijua kwamba nitakuwa nabadilisha kwenda ya pili mapema.

10 Februari: sili na bushi ya krenki

Giaboksi ikiwa mezani, badilisha sili ya mbele na ya nyuma na gasketi ya kifuniko cha mbele. Kwangu zilikuwa 1,850. Ukikivua kifuniko cha mbele ndani ya kengele, kuwa mwangalifu: kuna pete nyembamba ya chuma inayokaa mbele ya beringi ya shafti ya chini. Yangu ilibaki imenasa kwa oili upande wa ndani wa kifuniko na nusura niioshe pamoja na uchafu. Bila pete hiyo shafti inapata nafasi ya kucheza.

Kazi iliyonichukua muda ni bushi ya shaba iliyomo mwisho wa krenki (shafti kuu ya injini), ile inayoshika ncha ya shafti ya giaboksi. Yangu ilikuwa imelika upande mmoja. Haina pa kushika. Njia ya mafundi ni kujaza grisi kwenye tundu, kisha kuingiza nondo inayobana barabara na kuipiga nyundo, ili grisi iisukume bushi kutoka nyuma. Nilijaribu. Kila pigo grisi ilitoka pembeni ikanirukia usoni, na bushi haikutikisika.

Fundi ninayefanya naye kazi, mzee aliyezifungua injini hizi zikiwa mpya, akaniambia, "Kijana, nenda jikoni kalete ugali. Uliolala." Nikaleta kipande cha ugali wa jana, mgumu. Alikatakata vidonge vidogo, akavishindilia tunduni kwa kidole gumba mpaka pakajaa, akaweka nondo, akapiga. Akaongeza ugali, akapiga tena. Pigo la saba au la nane nikaona pete ya shaba imechomoza upana wa kucha. Mara tatu zaidi ikaanguka mkononi mwangu, na nyuma yake ugali umetoka mzima kama mshumaa. Ugali hauvuji kama grisi. Bushi mpya ilikerezwa kwa 700.

Klachi mpya ya milimita 200, ya L16, pamoja na beringi yake: 8,500. Sahani yake ilipita kwenye meno ya shafti ya 71B bila kulazimishwa.

17 Februari: imepanda

Kuifunga kwenyewe ni kazi ya asubuhi moja kwa watu wawili na jeki. Bolti zote zikaingia. Krosmemba ya zamani, chuma kinachobeba giaboksi kwa chini, haikufika, maana giaboksi hii ni ndefu zaidi upande wa nyuma, hivyo tulichomelea mpya kwa chuma cha boksi tukitumia matundu yaleyale ya mwilini (2,600), na mpira mpya wa mauntingi (1,800). Waya mbili za taa ya rivasi zilifika baada ya kurefushwa. Kebo ya spidomita ilifungwa bila tatizo. Oili ya giaboksi lita mbili, daraja la GL-4, shilingi 2,000. Usiweke GL-5 kwa kudhani namba kubwa ni bora; dawa zake za salfa zinaweza kula pete za shaba ndani ya giaboksi za zamani.

Jioni nikakanyaga klachi, nikavuta rivasi. Gia zililia kwa sauti ya kusaga mawe.

24 Februari: klachi isiyoachia

Hili lilinichukua wiki nzima. Lisome polepole, kwa sababu anayebadilisha giaboksi za Datsun anaweza kuliangukia kirahisi, na dalili zake zinadanganya.

Dalili: pedali inashuka vizuri, lakini injini ikiwa inaunguruma hakuna gia inayoingia bila kelele. Injini ikizimwa zote zinaingia laini. Maana yake klachi haiachii.

Nilidhani ni hewa kwenye mfumo wa klachi. Tuliitoa hewa mara nne. Hakuna tofauti. Nikadhani fimbo ya silinda ya chini ni fupi, nikairefusha kwa nati yake mpaka mwisho. Nikakanyaga mara moja, mara mbili, mara ya tatu pedali ikaanguka hadi sakafuni, na chini kukawa na dimbwi la maji ya breki. Pistoni ilikuwa imesafiri ikapita mwisho wa silinda na kutoka na mpira wake. Repea kiti na maji ya breki: 1,250.

Wakati nimelala chini nikifuta, ndipo nilipoiangalia ile uma ya klachi (mkono unaosukumwa na silinda ili nao usukume beringi) inavyotokeza pembeni ya kengele. Ilikuwa imelala nyuma, karibu iguse ukingo wa tundu lake, kabla hata sijakanyaga. Uma ikilala hivyo nje, ndani ncha zake ziko mbele mno: inaifuata beringi ambayo haijaifikia.

Tukashusha giaboksi.

Kosa lilikuwa kola, yaani lile bomba fupi linalobeba beringi ya kuachilia klachi na kuteleza kwenye pua ya giaboksi. Nilitumia kola iliyokuja na giaboksi ya pick-up. Lakini kola haifuati giaboksi, inafuata presha ya klachi, ile sehemu inayobana sahani. Presha zina vimo tofauti, na kila moja ina kola ya kuifidia. Nimechukua presha ya L16 nikaioanisha na kola ya pick-up.

Namna ya kupima, na hii ningeifanya kabla ya kupandisha chochote: funga sahani na presha kwenye flaiwili kwa bolti zote. Weka beringi na kola yake juu ya vidole vya presha. Pima kutoka uso wa flaiwili hadi nyuma ya masikio ya kola, pale uma inaposukuma. Kwa injini za L kipimo kinatakiwa kiwe milimita 92 hivi. Kwa kola ya pick-up nilipata 83. Nikaichukua kola ya zamani kwenye giaboksi ya gia nne, nikahamishia beringi mpya kwa kuikandamiza kwenye vaisi, nikapima: 91 na nusu. Ilikuwa chini ya meza muda wote huo.

Giaboksi ikarudi juu. Klachi ikakamata katikati ya mwendo wa pedali, rivasi ikaingia kimya. Fundi msaidizi kwa siku tatu hadi hapa: 4,500.

2 Machi: propela

Difu ya 510 ya milango minne imefungwa mwilini, haipandi wala haishuki na magurudumu, kwa hiyo urefu wa propela lazima uwe sahihi. Propela ya zamani ni ndefu mno sasa, na mbele yake haiendani na 71B. Hapo ndipo inapotumika ile ya pick-up: unachukua ncha yake ya mbele, ile inayoteleza ndani ya giaboksi, na ncha ya nyuma ya Datsun yenye flanji ya difu, na kuziunganisha kwa bomba la urefu unaofaa. Ncha ya mbele isukume ndani mpaka igote, kisha irudishe nje sentimita mbili na nusu. Hapo ndipo pa kupimia urefu.

Nilipeleka kwa mchomeleaji wa karibu, 3,500, na kros mbili mpya (viungo vinavyopinda kwenye ncha za propela) 2,400. Barabarani, kwenye 60 gari lilianza kutetemeka. Kwenye 80 kioo cha ndani kilikuwa hakionyeshi kitu.

Niliivua nikailaza kwenye meza na kosa likaonekana kwa macho. Uma za kros za mbele na za nyuma hazikuwa zimelala sawa. Ya mbele ilitazama juu, ya nyuma imeinama kama saa moja na nusu kwenye uso wa saa. Kros ikipinda haizungushi kwa mwendo uleule; inaharakisha na kuchelewesha mara mbili kila mzunguko. Uma zikiwa kwenye mstari mmoja, kros ya nyuma inafuta kosa la ya mbele. Zisipokuwa, zinaongezeana.

9 Machi: propela tena

Safari hii kwa mkerezaji mwenye mashine ya kusawazisha. Alikata, akapanga uma kwa pima-maji, akachomelea shafti ikiwa kwenye mashine, kisha akaongeza kipande kidogo cha chuma upande mwepesi. 6,500. Mtetemo umeisha wote. Kama kwako hakuna mashine ya kusawazisha, afadhali usubiri upate nauli ya kuipeleka iliko.

Spidomita nilitarajia idanganye, kwa kuwa giaboksi ni ya gari lingine. Simu iliposema 80, saa ilisema 82. Difu ya pick-up ni nzito zaidi lakini tairi zake ni kubwa. Hayo mawili yamefutana.

Ramadhani inaingia juma hili. Kazi za chini ya gari nitazisogeza baada ya futari, kwa taa.

23 Machi: gia ya pili inayoruka

Nikishuka mlima bila kukanyaga mafuta, gia ya pili inaruka na kurudi nyutro. Ya nne pia, mara mojamoja. Ya kwanza, ya tatu na ya tano hazina tatizo. Kila niliyemuuliza alisema giaboksi imekufa ndani, ifunguliwe. Karibu nikubali.

Lakini ya pili na ya nne zina kitu kimoja: zote unavuta mkono nyuma. Nikavua kapeti. Mkono wa 71B unatokea nyuma zaidi ya ule wa zamani, vidole viwili hivi, na tundu la sakafuni ni lilelile. Kwenye chuma cha mkono, upande wa nyuma, rangi ilikuwa imekwanguka mstari mmoja mng'avu wa urefu wa punje ya mchele. Ulikuwa ukigonga ukingo wa bati kabla gia haijaingia yote, na jino lililoingia nusu likisukumwa na mteremko lazima litoke.

Nilikata bati nyuma ya tundu sentimita mbili kwa msumeno wa chuma, nikalainisha kwa tupa na kupaka rangi ya kuzuia kutu. Mpira mpya wa kufunika: 600. Sasa mkono unasimama kwenye kituo cha giaboksi yenyewe, na unasikia kabisa mkononi ule mgoto mzito wa gia iliyokaa. Haijaruka tena.

13 Aprili: Voi na kurudi

Jumamosi baada ya Idi. Nilijaza tangi hadi shingoni, nikamchukua ami, tukaondoka alfajiri. Yeye mbele, kofia mapajani.

Kupanda Mazeras hadi Mariakani gia ya tano haina kazi. L16 haina nguvu ya kuivuta mlimani, na usiilazimishe. Rudi ya nne, hata ya tatu nyuma ya malori. Mtu atakayetaka gia tano kwa ajili ya milima atakuwa amepoteza pesa. Gia ya kwanza nzito nayo inachosha kwenye foleni: unaingia, unatoka.

Baada ya Mackinnon Road njia ikanyooka. Nikafika 90 kwenye ya nne, nikasukuma mkono kulia na mbele. Injini ikatulia kana kwamba mtu amefunga mlango wa chumba chenye kelele. Nikasikia upepo kwenye mpira wa dirisha, sauti ambayo sikuwa najua gari hili inayo. Ami alikaa kimya kilomita nyingi, halafu akauliza, bila kupaza sauti, "Hii ndiyo ya tano?" Nikamwambia ndiyo. Akaweka mkono wake juu ya wangu kwenye gia, akauacha hapo.

Kwenda na kurudi kilomita 304, lita 26.5, yaani karibu kilomita 11.5 kwa lita. Safari kama hiyo mwaka jana na gia nne ilinipa 9.8.

20 Aprili: hesabu na yaliyobaki

Jumla hadi leo ni shilingi 76,700. Katika hizo, makosa yamekula 14,750: giaboksi ya dizeli 7,000, silinda ya klachi 1,250, propela ya pili 6,500. Na siku nzima ya fundi msaidizi kushusha na kupandisha kwa sababu ya kola.

Nilikagua bolti zote baada ya safari. Mbili za krosmemba zilikuwa zimelegea robo mzunguko, nimeongeza washa za springi. Sili ya nyuma ni kavu. Oili nitaimwaga baada ya kilomita 1,000 nione sumaku inasema nini, na nitaandika hapa.